Pazia la Kijani

"Pazia hili ni upweke," mwelezaji wa maonyesho aliwaambia wageni, akiwaonyesha picha ya marehemu mshairi ukutani. "Mshairi amejifungia chumbani, hana mwenzi ila kalamu yake."

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Nyuma yao alisimama mchoraji wa picha ile.

Mjane wa mshairi hakuitikia. Alisogea, akaligusa pazia kwa kidole. Hapo rangi ilikuwa nene kuliko kwingine kote, na mwanga wa taa ya pembeni ulionyesha kivimbe cha bega, kisha cha kiwiko.

"Shemeji," akamwita mchoraji bila kugeuka. "Si nilikaa hapa mimi? Kalamu si nilishika mimi, yeye akisema, mimi nikiandika?"

"Ulikaa, shemeji."

"Sasa nani kanifuta?"

Mchoraji alikumbuka mshairi alivyompapasa mkono siku ile, macho yamekwisha kufa. "Mtoe, ndugu yangu. Wakimwona na kalamu watajua sioni." Naye hakubisha hata kidogo. Alichovya brashi, akampaka shemeji yake rangi ya kijani, akianzia usoni.

Lakini marehemu hasemwi.

"Ni mimi," alisema. "Niliona picha imejaa mno."

Mama wa watu akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Afadhali. Nilidhani ni yeye."

Kisha akajifuta kidole kwenye nguo, taratibu, kana kwamba rangi ingali mbichi.