Saini ya Mtu wa Pili

Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri, Stratis aliketi kwenye usukani wa katamarani, boti ya matumbo mawili na injini mbili, aliyoikodi kwetu kwa ajili ya familia yake, akaniuliza mimi niliyekuwa nikimkabidhi, kwa mara ya tatu, kama matangi yamejaa mafuta.

"Yamejaa, kapteni."

"Babu, ukizidi kumuuliza, atakushusha huyo," alisema mjukuu mmoja. Wajukuu wote wanne walicheka, wakaendelea kupakia matikiti.

Cheti cha unahodha cha Stratis kilikuwa halali. Bandari ya Lefkada, huku Ugiriki, ilitaka pia saini ya mtu wa pili, anayethibitisha kwamba anaweza kurudisha chombo nahodha akishindwa. Kwa kawaida ni mke, naye hutia saini bila kusoma.

Mke wa Stratis alisoma. Kidole chake kilifuata mstari baada ya mstari, kikasimama kwenye neno "akishindwa".

"Weka saini, mama, tufike kisiwani Meganisi mapema," Stratis alisema huku akiwasha injini. "Au unaniona nimezeeka?"

Mkewe alichukua kalamu. Alinisogelea.

"Juzi alipotea akienda kununua mkate," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wanangu hawajui. Na mimi hata baiskeli siwezi kuendesha."

Aliifunika kalamu, akailaza juu ya karatasi.

"Shusheni mizigo," aliwaambia wajukuu.

Stratis alimtazama mkewe, kisha karatasi. Saa kumi na dakika hamsini alizima injini ya kushoto, halafu ya kulia, akanikabidhi funguo.