Miguu ya Tumu

"Sinyooshi, Mama! Hata ukinipiga!"

"Nani akupige, kichwa maji wewe? Nyoosha miguu ulale kama mtu."

Mwanangu Tumu alikuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma kama jongoo aliyeguswa. Siku hizi kila familia huishi ndani ya gari linalojiendesha lenyewe, na mtoto ambaye nyayo zake zinagusa mlango akilala hupewa gari lake siku hiyohiyo. Njia atakayopita hupangiwa, mzazi haulizwi. Ndiyo maana Tumu alilala amejikunja mwaka mzima, mpaka asubuhi hiyo magoti yakakataa kunyooka aliposhuka kwenda chooni.

"Nikienda, nani atakukuna mgongo?"

"Nitajikuna kwa mwiko. Magoti hayana spea, mwanangu."

Nilimpaka mafuta ya karafuu, nikamkanda mpaka akaacha kugumia. Nikampa mto wangu, nikamfunika khanga yangu. Alipopitiwa na usingizi nikamshika vifundo, nikamnyoosha taratibu. Nyayo zikagusa mlango.

Akakoroma kwa raha. Gari likapunguza mwendo, likaanza kutafuta mahali pa kusimama.