Mwanafunzi Mmoja wa Nyangezi

Mkono kwenye picha ya juzi ulikuwa na kovu. Kwenye picha ya leo, mkono ulikuwa na kucha zilizopakwa rangi nyekundu. Picha zote mbili zilitoka kwa mwanafunzi mmoja, Déogratias wa Nyangezi.

Séraphine aliiweka simu juu ya meza ya chumba cha walimu na kumwonyesha Aloys, mwalimu wa hesabu. Aloys alizitazama picha, akatikisa kichwa.

"Huyu mutoto anakudanganya, Madame," alisema. "Iko mutu anamufanyia kazi."

Séraphine alifundisha kemia katika shule ya sekondari ya Bukavu isiyokuwa na maabara. Maabara yake ilikuwa jiko la nyumbani kwake, kule Kasha. Aliiegemeza simu kwenye kopo tupu la maziwa na kujirekodi akichemsha maua mekundu, kisha akitia maji ya ndimu upande huu na maji ya majivu upande ule, ili watoto waone rangi inavyogeuka. Video hizo fupi alizituma kwa WhatsApp. Habari ilipofika vijijini, aliziomba shule zimpe majina ya wanafunzi wenye simu, awaingize kwenye kikundi. Kavumu walileta majina mengi. Nyangezi walileta moja tu.

Na huyo mmoja aliwashinda wote. Wenzake walirudisha picha ya ndimu na majivu, basi. Déogratias alipima maji ya mvua, sabuni, maziwa, mate, pombe ya ndizi, hata udongo wa shamba uliokorogwa na maji, kila kitu kwenye kifuniko chake cha chupa. Séraphine alipomuuliza udongo wa nini, alijibu kwamba mama yake ni mkulima, maharage yake yanageuka manjano, naye alitaka kujua kama udongo una asidi. Jibu hilo lilimfurahisha mwalimu hata akawasomea majirani.

Wiki iliyofuata, Déogratias akaandika kwamba mama yake ni mshonaji.

Halafu ukaja mkono wa tatu, mkubwa, wenye pete ya ndoa.

Furaha ikamtoka Séraphine. Maonyesho ya sayansi ya mjini yalikuwa yamekaribia, na kila mwalimu alitakiwa kupeleka mwanafunzi mmoja. Yeye alikwisha kutangaza kwamba wake atatoka Nyangezi. Je, mtoto akifika mbele ya watu na kukosa la kusema? Alimtumia ujumbe wa sauti, akamuuliza bila kuzunguka ni nani anayemsaidia.

Jibu lilikuja kwa maandishi. "Hakuna mutu wa inje, Madame. Kuya uone."

Akaenda. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi, akapigwa na mvua njiani, akafika Nyangezi na matope hadi magotini. Katika mfuko wake mlikuwa na kioo kidogo kinachobanwa kwenye simu ili iwe hadubini, zawadi aliyomwekea mwanafunzi wake bora. Pembeni ya kioo mlikuwa na kichupa cha maji yasiyo na rangi wala harufu. Déogratias angeyapima peke yake, mbele ya macho yake. Akishindwa, kioo kingerudi Bukavu.

Prefe, yaani mkuu wa shule, muzee Adalbert, alimpokea mlangoni akiwa amefunga tai. Alimshika mkono kwa muda mrefu, kana kwamba wamefahamiana miaka mingi. Alimweleza kuwa mwalimu wao wa kemia alikwenda kuchimba dhahabu Mwenga na hakurudi, na kwamba tangu hapo hawajapata mwingine. Akamwomba asamehe ubovu wa njia. Kisha akamwingiza katika darasa la mwisho, akapita katikati ya madawati na kujibana kwenye benchi ya nyuma.

Darasa lilijaa pomoni. Wanafunzi walimtazama, wengine wakijiuma midomo wasicheke. Séraphine alikuwa amepanga kuanza polepole, kwa salamu na maswali madogo, lakini kwa uchovu na wasiwasi uvumilivu ulimwishia. Akakitoa kichupa na kukiweka mezani.

"Nimekuya kwa ajili ya mutu moja tu," alisema. "Naomba Déogratias asimame."

Benchi ya mbele ikasimama yote. Ikafuata ya pili, na ya tatu, mpaka hakubaki mtoto aliyekaa. Na kule nyuma kabisa, prefe akafunga kifungo cha koti lake kwa mkono wenye pete ya ndoa, akasimama naye.