Mteja Asiyekula Nyama

Tangu azaliwe, Mzee Harshad hakuwahi kutia nyama kinywani. Hata hivyo, kila adhuhuri alifika kwenye banda la nyama choma la Devota, pale Msalato karibu na mnada, akaketi katikati ya moshi wa mafuta ya mbuzi na kuagiza ndizi za kuchoma na kachumbari.

Mwanzoni wachomaji walimcheka. Mwenye duka la vipuri mjini, amezungukwa na hoteli za kila namna, iweje apande bajaji hadi Msalato kuja kukohoa moshi? Devota aliwakemea. Mteja ni mteja. Tena mzee alikuwa mpole, na siku banda likiwa tupu hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Siku hizo banda lilikuwa tupu mara nyingi. Ukame ulikuwa umewamaliza mbuzi, na waliofika mnadani walikuwa ngozi na mifupa. Lakini kilichomkausha Devota hakikuwa ukame. Mumewe, Geofrey, dereva wa lori, aliondoka kiangazi kilichopita kupeleka saruji Kahama. Saruji ilifika. Yeye akaacha kazi huko huko, asirudi nyumbani.

Simu alikuwa akipiga. Alimsalimia binti yao, Anna, akauliza habari za banda, kisha likafuata swali lile lile.

"Kuna mtu ameniulizia?"

"Nani akuulizie, Baba Anna? Wenzako wote wamekusahau. Nimebaki mimi."

Simu ikikatika, Devota alijifuta macho kwa ncha ya kanga na kurudi jikoni. Aliamini kile ambacho Msalato nzima iliamini: mwanamke.

Siku moja yalimfika shingoni, akamsimulia Mzee Harshad yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, ndizi zikampoa mbele yake.

"Humchukii?" aliuliza mwishowe.

"Hata kuchukia kumenichosha, mzee. Usiku namwomba Mungu amrudishe. Kukicha namwomba amuue."

Mzee alitazama barabarani. "Nami nilikuwa na mwana mmoja. Vishal. Alifariki."

"Pole sana, mzee. Aliugua?"

"Hakuugua. Alikufa kwa kusubiri."

Devota hakuelewa vizuri, wala hakuthubutu kuuliza zaidi. Lakini neno lile lilimwingia. Alijua mtu anavyoweza kufa kwa kusubiri. Yeye mwenyewe alikuwa akifa hivyo hivyo, taratibu, huku akigeuza mbavu kwenye makaa.

"Nikupe shauri, Mama Anna," mzee alisema alipokuwa akiondoka. "Mwanamume aliyekimbia harudi kwa lawama. Usimwulize kwa nini. Mwambie umemsamehe yote, hata usiyoyajua. Mwambie hapa hakuna anayemngoja ila wewe na mtoto."

Devota alifanya hivyo. Alipomaliza kusema, alisikia upande wa pili kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika ndoa yao: Geofrey alikuwa akilia.

"Kweli hakuna aliyeniulizia?"

"Nakuapia, hakuna."

"Basi nitakuja Jumamosi."

Alipompa mzee habari hiyo, Mzee Harshad alifumba macho. Devota akadhani anamshukuru Mungu wake kwa niaba yake.

"Ale hapa mchana," mzee alisema. "Mtu aliyetoka mbali hulishwa kwanza."

Jumamosi mnada ulikuwa umejaa vumbi na kelele. Geofrey alishuka kutoka kwenye bodaboda, amekonda, kola ya shati ikimpwaya shingoni. Anna alijificha nyuma ya mama yake, hakumtambua. Devota alikuwa amejiandaa kwa furaha, akaitafuta moyoni asiione. Aliyekaa mbele yake alikuwa kama mtu wa kuazima, mwenye macho yanayorukia kila gari linalopunguza mwendo.

Hata hivyo alimchomea mbavu, akamkatia, akamwekea chumvi na pilipili pembeni kama alivyopenda. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa soda meza ya jirani waligeuka kumtazama, kisha wakainamia chupa zao.

"Utakaa?" Devota aliuliza kwa sauti ya chini.

Geofrey alirudisha ubavu sahanini. "Sina kwingine, Mama Anna. Huko nilikokuwa sikuwa na mtu. Hata wewe huniamini, lakini sikuwa na mtu."

Kwa mara ya kwanza Devota alimwamini. Jambo hilo lilimtisha kuliko kama angekiri kuwa na mwanamke. Kama si mwanamke, alikuwa akikimbia nini?

Hakupata nafasi ya kuuliza. Mzee Harshad alikuwa ameinuka kwenye meza yake ya kila siku na kuja mezani kwao. Devota akainuka naye, akijifuta mikono haraka.

"Baba Anna, huyu ndiye mzee aliyetupatanisha. Bila yeye usingekuwa hapa."

Geofrey alisimama kwa heshima na kumpa mkono. "Shikamoo, mzee. Mungu akubariki."

Mzee hakuitikia. Aliushika mkono ule uliojaa mafuta ya nyama, akaukaza kwa mikono yake yote miwili, asiuachie. Wale wanaume wawili wakasimama.

"Wachunga ng'ombe walikuona ukiteremka kwenye lori, kisha ukipanda tena na kuondoka," mzee alisema, sauti yake ikiwa ya upole kama siku zote. "Kabla mabwana hawa wa polisi hawajakuchukua, niambie jambo moja tu: pale njia ya Bahi, mwanangu alipokushika mguu baada ya wewe kumgonga, alikuomba nini?"