Kanga ya Tano

Mgeni rasmi wa mahafali aliposema, “Mimi sikubebwa na mtu,” Bi Zawena alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amepika katika chuo kile miaka ishirini na mitano, na mgeni huyu, enzi za uanafunzi wake, kila likizo aliyokosa nauli ya kwenda kwao alikula ukoko wa sufuria zake.

Akangoja. Huenda angejisahihisha.

“Wahitimu, msitazame nyuma,” mgeni aliendelea. “Walioko nyuma ni wavivu, watawavuta chini.”

Watu wakapiga makofi. Mama Rukia, aliyesimama kando ya Bi Zawena, akamtia kiwiko. “Shoga, piga makofi! Si mwanao wa ukoko huyo?”

“Ndiye. Nangoja aseme kama ukoko ule ulijipika wenyewe.”

Desturi ya pale, kina mama walitandika kanga kutoka jukwaani hadi langoni, mgeni rasmi asikanyage vumbi. Ya Bi Zawena ilikuwa ya tano, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Vigelegele vikapanda. Mgeni akashuka, akakanyaga ya kwanza, akakanyaga ya pili, huku akipunga mkono.

Bi Zawena akainama, akaivuta kanga yake, akaikung'uta na kujitanda.

“We Zawena! Unatuaibisha!” Mama Rukia akamaka.

“Mwache atembee,” alisema taratibu. “Si hakubebwa na mtu?”

Vigelegele vikakatika. Mgeni rasmi alisimama ukingoni mwa kanga ya nne, mguu mmoja ameuinua juu ya vumbi, akimtazama mpishi kama mtu anayetafuta jina.