Shikamoo Iliyofuta Tiketi

Katika uwanja wa ndege ni marufuku kuzungumza na mtu msiyejuana naye. Ukithubutu, tiketi iliyo kwenye bangili yako inajifuta. Nilijua. Lakini mzee mwenye mvi alipopita, ulimi ukateleza: "Shikamoo, baba."

Bangili yangu ikawaka nyekundu.

Mzee akaitazama yake, kijani bado. "Marahaba, mwanangu," akajibu kwa makusudi. Nyekundu. Msichana nyuma yetu akasema, "Shikamooni." Foleni nzima ikaanza kuamkiana.

Ndege ikaondoka tupu.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Pangani, kwenye matanga ya dada yangu."

Akatandika koti lake sakafuni. "Matanga tunayaweka hapa hapa. Marehemu aliitwa nani?"

Milango ya kioo ikajifunga. Askari wakaja.

"Mwanakheri binti Athumani," nikajibu, kwa sauti, na wao wasikie.