Asajile Hayumo Tena

Siku hizi filamu ya Rais wa Kwanza humwonyesha kila mtazamaji kile ambacho moyo wake unaamini. Tusekile na mumewe huitazama kila Jumapili baada ya ibada, kisha hubishana mpaka chai inapoa.

“Leo amegawa mahindi kwa wenye njaa,” mumewe alisema.

“Mimi nimemwona kaka yangu Asajile akiingizwa gerezani.”

“Gereza gani, Mama Lugano? Ulisinzia. Hebu msamehe marehemu Rais, tumechoka.”

Tusekile alikuwa amechoka kweli. Wiki nzima aliomba moyo wa kusamehe, na Mungu akampa.

Jumapili iliyofuata Tusekile naye aliona mahindi yakigawiwa, na hawakubishana. Mumewe alimshika mkono, akitabasamu. Tusekile alimngoja kaka yake mpaka filamu ikaisha. Asajile hakuacha picha hata moja duniani, na sasa hata humo hakuonekana.